Jini ya Bwana Mifugo

Kwenye biashara ya viungo, mtu unamjua kwa anavyogusa. Wengi hawagusi. Wanasimama mbele ya meza, wanasema nipe ya pilau, nipe ya chai, wanakunja mfuko wao na kuondoka. Yeye alichukua punje moja ya iliki kwenye sinia yangu, akaipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akaipeleka puani na kufumba macho, pale pale katikati ya soko, watu wakimpita huku na huku. Alipofumbua macho akanirudishia ile punje mkononi.

"Hii ya juu imepigwa sana na upepo, mama. Ya chini ya mfuko ikoje?"

Nilichukia kidogo. Lakini nilimpa ya chini, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Jioni ile nilipofika nyumbani Mandewa nikamkuta mtu yule yule amesimama upande wa pili wa ua wetu wa minyaa, anamwagilia mchaichai kwa kopo. Tulikuwa tumehamia hapo karibuni, mimi, mume wangu na binti yetu Hadija, na majirani tulikuwa hatujawajua. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama, kisha akasema, "Ile ya chini ni nzuri." Utambulisho wetu ukawa umeishia hapo.

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mifugo, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu. Mkewe naye alimwita hivyo mbele ya watu. Maisha yake yote ya kazi alizunguka vijiji vya Mkalama na Iramba akichanja ng'ombe, akisimamia majosho, akiwakataza watu kula nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Ukoo wake sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilijua tu kwamba kwao ni Kinyangiri, na kwamba akikasirika hugeukia Kinyiramba, halafu anaomba radhi kwa Kiswahili.

Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Alivaa buti za mpira hata kiangazi, wakati Singida nzima ni vumbi. Akikusalimia hukutazama macho kwanza, kisha midomo, kisha jinsi ulivyosimama, na kama umesema hujambo na wewe ni mgonjwa, huguna. Alimwambia mume wangu akapime damu kabla mume wangu mwenyewe hajajua anaumwa. Lakini kwake hakukuwa na ng'ombe, mbuzi, wala kuku, na Singida nyumba isiyo na kuku watu huiulizia. Hadija, alipokuwa bado mdogo, alimwuliza sababu.

"Nimechoma sindano nyingi mno, mjukuu wangu," alimjibu. "Kazi yangu ilikuwa kupendwa na wenye ng'ombe na kuchukiwa na ng'ombe. Sasa nataka kukaa mahali ambapo nikitoka nje hakuna anayekimbia."

Alisema hivyo bila kucheka. Hadija alicheka, mimi sikuweza.

Viungo alivyonunua kwangu vilinitatiza kwa muda mrefu. Havikuwa vya pilau, kwa kuwa pilau ina kipimo chake na mimi nakijua. Alichukua giligilani kidogo, pilipili manga kidogo, kijiti kimoja cha mdalasini, na karafuu chache alizozichagua moja moja kama mtu anayechagua mbegu. Nikadhani ni mtu wa chai. Mkewe ndiye aliyenieleza, siku moja tunaanika nguo kila mmoja upande wake wa ua.

"Vyote hivyo vinaingia kwenye jini," alisema.

Mkewe alikuwa mwanamke wa kanisani, mrefu, mpole, asiyeonja hata togwa lililolala. Alilisema neno lile kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa mumewe ambao wameshauzoea. Nami nikasikia vibaya. Kwetu sisi jini ni jini. Nilirudi ndani nimekauka, nikamweleza mume wangu kwamba jirani analisha majini kwa iliki yangu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa dereva wa malori, amelala miji mingi, anajua vitu vinavyouzwa kwenye baa hata kama yeye hakuvinywa. Akanieleza kwamba ni pombe, nyeupe kama maji, inauzwa dukani kwenye chupa.

"Sasa nimwuzie au nisimwuzie?" nikamwuliza. Lilikuwa swali la kweli. Sisi ni watu wa swala tano.

"Wewe unauza iliki," alisema. "Akifika nayo nyumbani, hiyo ni yake na Mungu wake."

Nikaendelea kumwuzia. Siku moja Bwana Mifugo mwenyewe akaniita nikaone, mkewe akiwa kibarazani na mlango umeachwa wazi, kwa heshima. Chumba cha nyuma kilikuwa na kabati la mbao lenye pazia zito la kaniki. Ndani yake zilipangwa chupa za kioo zenye mdomo mpana, zile zilizokuwa na jemu na achari, zimeoshwa na kuchemshwa zikang'aa. Katika kila chupa mlikuwa na jini ya dukani, na ndani ya jini vimelala vitu ninavyovijua: maganda ya chungwa, mchaichai uliopondwa, iliki, tangawizi iliyokatwa nyembamba, ua la rozela lililokuwa limegeuza chupa nzima rangi ya damu. Ile jini yenyewe ilikuwa imechukua rangi kutoka kwa kila kimoja, nyingine manjano, nyingine kama chai hafifu.

Alijifunza ujanani, kwa daktari mmoja mgeni wa wanyama aliyezunguka naye vijijini. Mtu huyo alitembea na chupa yenye maganda ya limau kwenye sanduku la dawa, na jioni, wakishamaliza kuchanja, aliitoa wakanywa kifuniko kimoja kimoja wakitazama ng'ombe wanalala. Mgeni alirudi kwao. Bwana Mifugo akabaki na ile namna, akaitia vitu vya huku.

Ganda la chungwa alilimenya kwa kisu cha kupasulia majipu ya mifugo, kisu ambacho alikuwa amekichemsha mara nyingi kuliko nilivyochemsha sufuria zangu. Alichukua ile rangi ya juu peke yake, nyembamba kiasi kwamba ukiliinua ganda unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Ule weupe wa ndani hakuuruhusu. "Huu weupe ni mchungu na hauna aibu," alisema. "Ukiingia hautoki." Giligilani aliikaanga kavu kidogo kwanza. Iliki aliipasua bila kuisaga. Karafuu aliiogopa: aliitia leo, kesho asubuhi anaitoa, maana ikikaa zaidi, alisema, inaanza kuongea peke yake na wengine wote wananyamaza. Kila siku aliinua kila chupa, akaipindua taratibu, akairudisha gizani. Ilipofika wakati, aliichuja kwa kitambaa cheupe na kuitia katika chupa safi pamoja na kijiko cha asali ya nyuki wadogo kutoka Mgori.

Yote haya aliyafanya polepole sana, mtu ambaye kwenye mambo mengine hakuwa na subira kabisa. Foleni ya benki ilimshinda. Mahubiri marefu yalimshinda. Alitoka nje kukohoa kikohozi asichokuwa nacho. Lakini angeweza kukaa mbele ya kabati lile asubuhi nzima akisubiri ganda la limau liachie harufu yake.

Kuna watu walimwona mlevi. Si kweli, na nataka niseme hivyo kwa sababu mimi nilimwona kwa karibu na sina sababu ya kumsetiri. Sikumwona hata siku moja akiyumba. Gongo aliichukia kama alivyochukia kimeta. Alikuwa na mfugaji mmoja rafiki yake huko vijijini aliyeinywa kwenye sherehe na asubuhi akaamka haoni, na Bwana Mifugo ndiye aliyemshika mkono kumpeleka zizini akapapase ng'ombe wake awataje majina kwa kugusa pembe. Habari hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara alinyamaza alipofika kwenye pembe. Kwa hiyo yeye hakupika pombe. Alinunua iliyopikwa na wenye leseni, akaibadilisha harufu tu.

Na alikuwa na sharti: hakunywa peke yake. Hakulisema kama sharti, lakini nililiona. Jumamosi alasiri walikuja marafiki zake wawili, wote wastaafu, mmoja karani wa mahakama na mwingine dereva wa halmashauri. Walikaa kibarazani, akawamiminia kidogo kwenye glasi, akajaza soda ya toniki na barafu aliyoigandisha kwenye vikopo. Kisha hakuanza kunywa. Aliwatazama. Alisubiri karani anuse, aonje, aseme.

"Kuna mdalasini," karani angesema.

"Hakuna."

"Basi kuna nini hapa nyuma?"

"Kunywa tena."

Wangebishana hivyo mpaka magharibi, na mimi nikitandika mkeka wa swala nilisikia sauti zao na kengele ndogo ndogo za barafu. Aliyepatia alishinda. Hakushinda kitu, ila Bwana Mifugo alimpigia makofi kwa mikono yote miwili, na uso wake siku hizo ulikuwa uso mwingine.

Neno jini lilifanya kazi yake mtaani. Watoto walisikia kwamba ana jini kabatini, watoto wakasema kwa mama zao, na kati ya jini ya kunywa na jini la kuogopa mtaa ukapotea njia. Wanawake wakaanza kuvuka barabara. Mtu mwingine, hatukumjua, akapeleka habari tofauti kabisa: kwamba mzee anapika gongo. Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa akaja na mgambo wawili.

Nilikuwa uani na nikaona yote. Bwana Mifugo aliwakaribisha kama watu aliowaalika. Aliwaingiza chumba cha nyuma, akafunua pazia, akawatolea chupa moja moja mezani. Mgambo mmoja, kijana mwenye kirungu, alinusa ya rozela, akanusa ya mchaichai, akasahau kirungu chake juu ya kiti. Mwenyekiti aliuliza moto uko wapi, mapipa yako wapi, bomba liko wapi. Akamwonyesha jiko la mkaa lenye sufuria ya uji. Akamwonyesha chupa za dukani zenye stika za kodi. Kisha akaanza kuwaeleza: ganda, giligilani, karafuu na ubaya wake. Wale watu walikaa. Walikuja kukamata mtu, wakaishia kunywa chai ya tangawizi na kuuliza maswali. Walipoondoka, mwenyekiti akiomba radhi, nilikwenda kwenye ua kumpa pole.

"Pole kwa usumbufu, Bwana Mifugo."

Alikuwa bado amesimama mlangoni akiwatazama wanavyokata kona.

"Usumbufu gani," alisema. "Nimepata wageni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Jumamosi zilikuwa zimekwisha. Sikuwa nimetambua. Ukiishi karibu na sauti, siku ikikoma hujui ni siku gani. Karani wa mahakama alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ini, na watu wakanong'ona kwamba ni jini, ingawa karani alikuwa na vilabu vyake vingine tangu ujanani. Dereva wa halmashauri alikuwa ameokoka. Alimjia Bwana Mifugo kumweleza vizuri, kwa adabu, kwamba hatakuja tena kukaa kwenye kibaraza kile hata kwa chai, maana mchungaji amewashauri waepuke mahali penye pombe. Bwana Mifugo alimsindikiza mpaka barabarani. Tangu siku ile wakikutana mjini walisalimiana kwa mikono miwili na kuulizana habari za nyumbani, basi.

Na mkewe hakuwepo. Hili nalo lilitokea bila kishindo. Binti yao wa Dodoma alijifungua, akamwomba mama aende amsaidie mtoto akue kidogo. Mama akaenda na begi dogo. Mtoto akakua, akaja mwingine. Hawakugombana. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Bwana Mifugo alitoka nje kuipokea penye mtandao, karibu na ua, kwa hiyo nilisikia upande wake: ndiyo, nimekula, ndiyo, mvua bado, wasalimie. Aliwahi kwenda huko akakae nao. Alirudi kabla ya mwezi kuisha.

"Wananipenda," aliniambia. "Wamenipa chumba chenye televisheni. Nikitoka nje, geti. Nikifungua geti, geti la mwingine. Nikawaambia narudi kuangalia nyumba."

Chupa hakuacha kutengeneza. Hilo ndilo lililonishangaza. Alikuja mezani kwangu kama kawaida, akapasua iliki, akachagua karafuu, lakini hapakuwa na wa kunywa. Zilijaa kabatini, zikapangwa chini ya kitanda. Nyingine zilikaa mno zikaharibika ladha, akazimwaga shimoni na kuanza upya. Nilimwuliza kwa nini hampi mtu, au hauzi. Vijana wa mjini wangenunua.

"Nikimwuzia ataondoka nayo," alisema. "Sitajua aliona nini ndani yake."

Mume wangu alifariki mwaka ule ule, kwa ugonjwa ambao Bwana Mifugo aliuona mapema na sisi tukauchelewesha. Sitasimulia msiba. Nitasema tu kwamba alikuja, mzee Mkristo mwenye buti za mpira, akazivua mlangoni, akakaa mkekani na wanaume siku zote za matanga bila kuzungumza. Walipokwenda wote, nikabaki ndani na eda yangu, Hadija akiwa shuleni mchana kutwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mabati yakipanuka juani.

Alimwuliza kaka yangu kwanza kama inafaa. Kaka akasema ua upo katikati, hamwonani, hakuna ubaya. Basi kila siku alasiri alileta kigoda chake upande wake wa minyaa, nami nikakaa upande wangu ndani ya kizingiti, na alinisimulia ng'ombe. Hakugusa habari za mume wangu, wala hakunipa maneno ya subira ambayo kila mtu alikuwa amenipa. Ng'ombe tu. Fahali wa Nduguti aliyekataa kuvuka mto mpaka aimbiwe. Ndama aliyezaliwa siku ya chanjo katikati ya foleni. Jike aliyekuwa akijificha kila alipoona gari la serikali, mpaka mwenye ng'ombe akawa anajua kwa huyo jike kwamba wataalamu wanakuja. Mimi sikujibu, na yeye hakungoja jibu. Akimaliza alisema, "Haya mama, kesho," nikasikia kigoda kikiinuliwa.

Sijui ningekuwa wapi bila ng'ombe wale.

Nilipotoka eda nikamwona amepungua. Alikuwa ameugua mafua makali kiangazi kile, kifua kikambana, na alipopona hakupona pua. Alikuja sokoni, akapasua iliki, akaipeleka puani, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Akapasua nyingine.

"Hii ni iliki?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni iliki, Bwana Mifugo. Imekuja jana."

Alizishika zile punje mbili kwenye kiganja akazitazama. Tulijaribu karafuu. Tulijaribu pilipili manga, akapiga chafya lakini hakunusa kitu. Kahawa, hakuna. Hospitalini walimwambia pengine itarudi, pengine haitarudi.

Ndipo akaniomba jambo. Alisimama kwenye ua, kofia mkononi, akiongea kama mtu anayekopa. "Najua dini yako. Sikuombi uonje. Naomba pua tu."

Nilifikiri usiku kucha, kisha nikakubali, kwa maana kunusa si kunywa, na pua yangu maisha yote ndiyo iliyonilisha. Nikawa nakwenda kibarazani kwake baada ya soko. Analeta chupa, nainusa nimenyosha mkono, namwambia.

"Chungwa liko mbele. Iliki inakuja baadaye. Karafuu umeisahau ndani."

"Nimeitoa asubuhi."

"Basi uliitoa ikiwa imeshamaliza kusema."

Alicheka. Nilimwambia kweli siku zote, hata chupa ilipokuwa mbaya, na zilianza kuwa mbaya nyingi, kwa sababu mkono wake ulikuwa unafanya kazi gizani. Siku moja nilimwambia harufu ni kama ya duka la dawa. Aliimwaga mbele yangu, akaenda kuosha chupa.

Ugonjwa wa moyo ndio uliomhamisha kutoka Mandewa. Madaktari walimpa dawa za kila siku na kumkataza pombe kabisa. Watoto wakakaa kikao kwa simu, wakaamua asiishi peke yake. Dodoma alikataa, akakubali Kinyangiri, kwa mtoto wa marehemu kaka yake aliye na mke na mji mkubwa. Nyumba ikapangishwa kwa mwalimu kijana. Siku anaondoka alinipa mchaichai wake wote nihamishie kwangu. Chupa kadhaa alizifunga kwenye blanketi akazipakata mwenyewe kwenye gari. Sikumwuliza za nini.

Simu zilipungua. Kule mtandao ni wa kupanda jiwe. Hadija akaolewa Mwanza, nikabaki na nyumba na meza yangu. Nikajikuta jioni nimekaa kizingitini, nasikiliza redio ya mwalimu kijana upande wa pili, na haikuwa kitu cha kusikiliza.

Mwezi uliopita nikafunga meza mapema, nikafunganya iliki mpya na mdalasini, nikapanda gari la Mkalama. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, alizeti ikiwa imekwisha kuvunwa na shamba limebaki mabua. Amekonda. Buti zile zile. Alinitazama macho, kisha midomo, kisha nilivyosimama.

"Huli vizuri," alisema.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Kaa."

Mke wa mtoto wa kaka yake, mwanamke mchangamfu ambaye sikuwahi kumwona, alituletea chai na kutuacha. Tulipomaliza, Bwana Mifugo alikwenda ndani mwenyewe polepole, akarudi na chupa. Ilikuwa na ganda la chungwa lililomenywa kwa unene usio wake, iliki na kijiti cha mdalasini.

"Nimeitengeneza huku. Siinywi, usiogope. Naipindua tu kila siku. Nilikuwa nasubiri pua."

Nilifungua kifuniko na kunusa. Nikanusa tena. Chungwa lilikuwepo, na mdalasini kidogo. Ile pombe, ule ukali unaopanda mpaka machoni, haukuwepo kabisa. Niliinua uso nikamwona yule mwanamke amesimama mlangoni mwa jikoni na ungo mkononi. Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akiniomba. Nikaelewa. Aliimwaga jini kwa kuogopa moyo wake, akaweka maji ya kuchemsha, na bila shaka aliyabadilisha kila yalipotaka kuchacha. Mzee asiyenusa na asiyekunywa peke yake angejuaje?

Bwana Mifugo alikuwa ananingoja. Alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, kama alivyomtazama karani zamani. Ningeweza kusema iko sawa, iliki imekaa vizuri, na yule mwanamke angepumua. Lakini nilikuwa mtu wa mwisho aliyemwambia ukweli wa chupa zake. Nikiondoa hilo, angebaki na nini cha kusubiri?

"Ni maji, Bwana Mifugo," nilisema. "Kuna chungwa na mdalasini. Iliki haisikiki. Lakini ndani ni maji."

Mlangoni ungo ulishuka. Bwana Mifugo aliichukua chupa mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Kisha akageuka kumtazama yule mwanamke.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ulipotoka kulazwa, baba," alijibu, macho chini. "Naomba unisamehe. Nilikuogopea."

"Na ganda umemenya wewe?"

"Ndiyo, baba. La kwako lilikuwa limeoza."

"Umeacha weupe," alisema. Kisha akaongeza, "Tuletee vikombe."

Alileta vya bati. Bwana Mifugo alimimina, akaniwekea mbele yangu na mbele yake, na cha tatu akampa yule mwanamke. Akaniuliza kama swala yangu inaruhusu. Nikasema maji yanaruhusiwa. Tukanywa. Yalikuwa na uchungu wa ule weupe, na utamu kwa mbali. Yeye aliyashika mdomoni, akitafuta, na nilijua hapati kitu isipokuwa ubaridi.

"Niambie," alisema.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, kila kitu nilichosikia mdomoni na puani na kimekaa wapi, naye alifumba macho na kuitikia kwa kichwa, na yule mwanamke akasahau ungo wake akakaa chini kutusikiliza.

Alinisindikiza barabarani kusubiri gari, tukipumzika njiani mara kwa mara. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Mandewa, ya kumshukuru kwa kigoda chake na kwa ng'ombe wa wakati ule. Nilikuwa nimeanza kuyasema, ndipo akapita mtu na ng'ombe mwekundu aliyemfunga kamba, akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Mifugo. Huyu ana siku ya pili hataki majani."

Bwana Mifugo alimkabidhi yule mtu fimbo yake ya kutembelea. Alimwendea ng'ombe kwa ubavu, akisema naye kwa Kinyiramba, akamwekea kiganja tumboni, kisha sikio. Ng'ombe hakukimbia. Gari langu lilikuja, likapiga honi, nikapanda na mfuko wangu. Kutoka dirishani nilimwona mgongo tu, koti lake na shavu lake limelala kwenye ubavu wa mnyama, anasikiliza. Kondakta akaniuliza kama yule mzee anapanda. Nikamwambia hapana, twende.